Kutoka "Bila Shaka" hadi "Pasipo Kuacha Shaka": Historia ya Kirai cha Uhakika na Mizani ya Hukumu, kwa Mtazamo wa Mpwapwa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kirai "bila shaka" katika Kiswahili, kuanzia msamiati wa elimu ya dini katika mwambao, kupitia njia ya misafara na madarasa ya bara, hadi katika Mahakama za Mwanzo za wilaya kama Mpwapwa. Tunadai kwamba kirai hiki, ambacho kwa umbo lake kinakanusha shaka, aghalabu hutumika pale ambapo msemaji hana ushahidi wa moja kwa moja wa jambo analolisema. Kwa hiyo kimeanza kuifuata njia iliyokwisha kupitwa na neno "labda". Mabadiliko hayo yana uzito mahakamani, kwa kuwa kipimo cha kumtia mtu hatiani kimefasiriwa kwa neno hilo hilo "shaka". Makala yanahitimisha kwa kupendekeza istilahi "shaka lenye sababu" badala ya "shaka yoyote".

Maneno muhimu: bila shaka, uhakika, labda, uthibitisho, Kiswahili cha mahakama, Mpwapwa

1.0 Utangulizi

Tuseme watu wawili wamesimama mbele ya Mahakama ya Mwanzo katika wilaya ya Mpwapwa wakigombea ng'ombe mmoja. Wa kwanza anasema (1), wa pili anasema (2):

(1) Ng'ombe huyu bila shaka ni wangu.
(2) Ng'ombe huyu ni wangu. Sikio lake la kushoto limekatwa mara mbili, na nyuma ya bega la kulia ana kovu la moto.

Kwa kutazama maneno yaliyotumika, mwenye uhakika zaidi ni wa kwanza, maana ndiye aliyetamka kwamba hana shaka. Wa pili hakusema lolote kuhusu uhakika wake. Hata hivyo, mfugaji yeyote anayesikiliza atamwelekea wa pili, na si kwa sababu ya alama alizozitaja tu. Hata tukiziondoa alama hizo na kubakiza "Ng'ombe huyu ni wangu", kauli hiyo kavu bado ina nguvu kuliko (1). Neno lililowekwa ili kuongeza uzito limeupunguza.

Swali la makala haya ni jinsi hali hiyo ilivyotokea, na ina madhara gani. Tunalijibu kwa njia ya historia kwa sababu maelezo ya kisemantiki peke yake hayatoshi: maneno ya uhakika katika Kiswahili yamesafiri, na katika kila kituo yamepewa kazi mpya. Tumeichagua Mpwapwa kuwa mahali pa kusimamia tunapoyatazama, kwa kuwa ni mji ambao vituo vyote vya safari hiyo vimeacha alama: msafara, misheni, boma, darasa na mahakama. Aidha, ni mji ambao wenyeji wake wengi wana Chigogo au Chikaguru kama lugha ya kwanza, na kwa hiyo walijifunza namna ya kuelezea uhakika kwa Kiswahili katika mazingira rasmi zaidi kuliko watu wa pwani. Sentensi zote za mifano zimetungwa na mwandishi kwa kutegemea umilisi wake, isipokuwa pale inapoelezwa kuwa ni fomula ya mahakama.

2.0 Mizani ya mwambao: yakini, dhana na shaka

Maneno ya Kiswahili yanayopima kiasi cha ujuzi wa msemaji yana, kwa sehemu kubwa, asili ya Kiarabu: yakini, hakika, dhana, shaka, labda, pamoja na kihusishi "bila" chenyewe. Ni muhimu kutambua kwamba baadhi yake yalikuwa na mpangilio kabla ya kuingia katika Kiswahili. Katika elimu ya fikihi, ambayo katika mwambao ilifundishwa hasa kwa madhehebu ya Shafii, yakini, dhana na shaka ni ngazi tatu. Yakini ni ujuzi usioyumba. Dhana ni hali ambapo upande mmoja una uzito zaidi, ingawa upande wa pili haujafutika. Shaka ni hali ambapo pande mbili zimelingana na mtu hana sababu ya kuegemea upande wowote. Mojawapo ya kanuni mashuhuri za fikihi inasema kwamba yakini haiondolewi na shaka: mtu aliye na yakini kwamba alitia udhu, kisha akashuku kama umetenguka, hubaki katika hali yake ya kwanza.

Kwa mizani hiyo, kutokuwa na shaka si sawa na kuwa na yakini. Anayetoka kwenye shaka, yaani kwenye pande zilizolingana, huenda akawa ameishia katika dhana tu. Hatudai kwamba msemaji wa leo sokoni au shambani anazikumbuka ngazi hizi anaposema "bila shaka". Tunachodai ni kwamba tangu mwanzo kirai hiki kilikuwa na nafasi ya kutosha ndani yake ya kubeba makisio, na kwamba nafasi hiyo ndiyo iliyopanuka baadaye.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa upanuzi wa namna hiyo ni neno "labda". Asili yake inayokubalika ni kirai cha Kiarabu chenye maana ya "hapana njia ya kuepuka", yaani "lazima". Kirai hicho hicho kimeingia katika Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza kilichukuliwa kizima na kuwa "labda". Mara ya pili ni nomino pekee iliyochukuliwa, ikawa "budi", na ukanushi ukatiwa kwa Kiswahili: "hapana budi", "sina budi", "hakuna budi". Umbo la pili limehifadhi maana ya asili ya ulazima. Umbo la kwanza limegeuka kabisa:

(3) Hapana budi afike leo.
(4) Labda atafika leo.

Sentensi (3) haiachi nafasi ya kutofika. Sentensi (4) inaiacha wazi. Maneno mawili yenye mzizi mmoja yamefika katika ncha mbili zinazopingana, na kamusi za Kiswahili tangu karne ya 19 zinaifasiri "labda" kama neno la kukisia. Njia iliyopitwa si vigumu kuikisia. Neno la ulazima hutumika kwanza kuhusu wajibu, kisha kuhusu hitimisho linalotokana na dalili, kwa mfano mtu aliyesikia mbwa wakibweka akasema kwamba hapana budi wageni wamefika. Msikilizaji hutambua kwamba msemaji hakuwaona wageni. Baada ya matumizi mengi ya aina hiyo, kinachobaki katika neno si ulazima tena, ila ile hali ya kutoona. Neno "lazima" lenyewe liko njiani leo: katika "Lazima atakuwa amelala", hakuna anayeamriwa kulala, na msemaji anakisia.

3.0 Njia ya kuingia bara

Msamiati huu ulipanda bara pamoja na watu. Mpwapwa ilikuwa kituo muhimu katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Usagara. Hapo palikuwa na maji na chakula, na wapagazi walipumzika kabla ya kuivuka nyika kavu ya Marenga Mkali kuelekea Ugogo, ambako kila mtemi alidai hongo yake. Neno "hongo" ni kielelezo kizuri cha jinsi eneo hili lilivyoshuhudia maneno yakibadilika: malipo yaliyotozwa hadharani na mwenye nchi kwa msafara uliopita katika ardhi yake leo ni jina la kosa la jinai.

Wamisionari wa Church Missionary Society walifika Mpwapwa mwaka 1876. Mmoja wa wamisionari wa chama hicho katika eneo la Mpwapwa na Mamboya, J. T. Last, alichapisha mwaka 1885 Polyglotta Africana Orientalis, mkusanyo wa maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48. Mwaka 1889 kituo cha Wajerumani Mpwapwa kilishambuliwa na wapiganaji wa Abushiri, na mwaka huo huo Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann wakaweka hapo kituo cha kijeshi. Utawala wa Kijerumani ulitumia Kiswahili katika shughuli zake na wananchi, na neno "shauri" likaingia hata katika Kijerumani cha kikoloni kwa maana ya baraza la kusikiliza malalamiko mbele ya ofisa. Chini ya Waingereza, Mpwapwa ikawa mahali pa kufundishia walimu na makao ya utafiti wa mifugo. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930.

Jambo la kuzingatia katika mfuatano huu ni aina ya mazungumzo ambamo mtu wa Mpwapwa alikutana na maneno ya uhakika. Hayakuwa mazungumzo ya watu walio sawa. Darasani mwalimu aliuliza kama somo limeeleweka, na jibu lilikuwa "bila shaka". Bomani ofisa aliuliza kama amri itatekelezwa, na jibu lilikuwa hilo hilo. Katika mazingira ya namna hiyo, kirai hakielezi hali ya akili ya anayejibu. Kinaeleza utiifu wake. Mwanafunzi asiyeelewa naye alisema "bila shaka", na mwalimu alijua hivyo. Kwa hiyo, juu ya kuchakaa kulikotokana na makisio, bara iliongeza kuchakaa kulikotokana na adabu.

4.0 "Bila shaka" katika sentensi

Tukiyatazama matumizi ya sasa, tunaona kwamba nguvu ya kirai hiki haitegemei umbo lake. Inategemea uhusiano wa msemaji na jambo linalosemwa. Tunatofautisha matumizi manne.

Kwanza, jambo liko mikononi mwa msemaji mwenyewe:

(5) – Utakuja kwenye msiba kesho?
 – Bila shaka.

Hapa kirai kina nguvu kamili, kwa kuwa ni ahadi. Msemaji ndiye mwenye uwezo wa kulifanya jambo liwe kweli, na asipofika atalaumiwa.

Pili, jambo liko nje ya msemaji na hakulishuhudia:

(6) Bila shaka amekwisha kufika Gulwe.

Aliyemwona akishuka katika stesheni ya Gulwe hawezi kusema (6). Atasema "Amekwisha kufika Gulwe". Anayesema (6) amepiga hesabu ya saa, akaujua mwendo wa treni, akahitimisha. Sentensi ni ya makisio, ingawa ni makisio yenye msingi. Kipimo rahisi ni kuunganisha kirai na kauli ya kushuhudia:

(7) ?Nilimwona kwa macho yangu. Bila shaka alikuwepo.

Sentensi (7) ina kasoro ya kimantiki inayosikika hata kama sarufi yake ni safi. Sehemu ya pili inadhoofisha ya kwanza, na msikilizaji hujiuliza kama kweli msemaji aliona.

Tatu, jambo liko kwa msikilizaji:

(8) Bila shaka unakumbuka tulivyokubaliana.

Hapa msemaji hatoi taarifa, maana msikilizaji anaijua kumbukumbu yake kuliko yeye. Anamzuia asikane. Matumizi haya yamo katika barua za kudai deni, katika hotuba, na katika maswali ya kumhoji shahidi: "Bila shaka ulikuwa umekunywa siku ile?" Anayeulizwa hivyo amekwisha kuelekezwa jibu.

Nne, kirai hutangulia hoja ambayo msemaji yuko tayari kuikubali ili aipinge: "Bila shaka elimu ina gharama, lakini..." Hapa "bila shaka" ni hatua ya kurudi nyuma kabla ya kusonga mbele.

Katika matumizi haya manne, ni la kwanza tu ambalo kirai kinatenda kile ambacho umbo lake linaahidi. Hali hii si ya Kiswahili peke yake. M. A. K. Halliday, katika sarufi amilifu ya Kiingereza, alionyesha kwamba watu husema wana uhakika pale hasa wanapokuwa hawana. Mwenye kujua hutoa kauli bila kiambatisho. Wafaransa wamekwenda mbali zaidi: "sans doute", ambayo neno kwa neno ni "bila shaka", leo ina maana ya "yamkini", na anayetaka kuondoa shaka kweli kweli hulazimika kuongeza neno na kusema "sans aucun doute", yaani "bila shaka lolote". Kiswahili kimeanza kufanya vivyo hivyo. Tunasikia "bila shaka yoyote", "pasipo na shaka hata kidogo", "bila chembe ya shaka". Kila nyongeza ni ungamo kwamba kirai cha awali hakitoshi tena.

Kinyume chake, vitenzi havijachakaa kwa kiwango hicho. "Nina hakika" ni hali ya moyo. "Nimehakikisha" ni kazi iliyofanyika, na anayesema hivyo anaweza kuulizwa aliifanyaje. Ndivyo ilivyo kwa "kuthibitisha". Kirai "bila shaka" hakina mtenda. Shaka halipo, na hatuambiwi nani aliyeliondoa. Kitenzi kina mtenda anayewajibika. Tofauti hii ndiyo inayotupeleka mahakamani.

5.0 Shaka mbele ya mahakama

5.1 Safari ya kipimo

Msingi kwamba upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha kosa, na kwa kiwango ambacho Kiingereza hukiita "beyond reasonable doubt", ulipata kauli yake mashuhuri nchini Uingereza mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington. Katika Tanganyika wakati huo iliyotumika ni Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo fasili yake ya "kuthibitishwa" haikutaja shaka. Ilimtazama mtu mwenye busara na jinsi ambavyo angetenda. Mabaraza ya wenyeji, yaliyoendeshwa chini ya sheria ya mwaka 1929 na baadaye ya mwaka 1951, yalikuwa na utaratibu wake.

Baada ya uhuru mfumo uliunganishwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunda Mahakama za Mwanzo na kuifanya lugha yake iwe Kiswahili. Kanuni za ushahidi za mahakama hizo, Tangazo la Serikali Na. 22 la mwaka 1964, ziliweka kwamba katika jinai mahakama iridhike kwa kiwango kile cha Kiingereza, na kwamba katika madai inatosha upande mmoja uwe na uzito zaidi. Mwaka 1967 Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ikaweka kipimo hicho kwa mahakama nyingine.

Tukirejea mizani ya mwambao tutaona jambo la kuvutia: kipimo cha madai kinalingana vizuri na dhana. Kipimo cha jinai hakilingani na ngazi yoyote kati ya zile tatu. Ni zaidi ya dhana ya kawaida, lakini sheria yenyewe haidai yakini. Kiswahili kilitakiwa kukipa jina kitu ambacho ngazi zake za urithi hazikuwa nacho.

5.2 "Yoyote" na "kuacha"

Fomula iliyoshinda, ambayo kila msomaji wa habari za mahakama anaijua, ni kwamba upande wa mashtaka "umethibitisha kesi pasipo kuacha shaka yoyote". Fomula hii ina sifa moja njema na kasoro moja kubwa.

Sifa njema imo katika vitenzi. Kiingereza kinalitazama shaka kama mpaka unaovukwa. Kiswahili kinalitazama kama mabaki: kazi imefanyika, na linaloulizwa ni kama kuna kilichobaki. Mtenda yuko wazi, naye ni upande wa mashtaka. Mshtakiwa hatakiwi kuondoa chochote. Kwa maana hiyo fomula ya Kiswahili inaueleza mzigo wa kuthibitisha kwa uwazi kuliko kirai cha asili.

Kasoro imo katika "yoyote". Neno hilo limechukua nafasi ya sifa ambayo katika Kiingereza inalibagua shaka lenye msingi na shaka lisilo na msingi. Mwaka 1947 Jaji Denning, katika kesi ya Miller, alieleza kwamba kipimo hiki hakimaanishi kutobaki hata kivuli cha shaka, na kwamba sheria ingeshindwa kuilinda jamii kama ingeruhusu mambo ya kufikirika tu yaipotoshe haki. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imefuata mwelekeo huo, kwa mfano katika kesi ya Magendo Paul iliyoripotiwa mwaka 1993: kinachobaki upande wa mshtakiwa kikiwa ni uwezekano wa mbali unaoweza kutupwa kwa urahisi, kesi imethibitika. Kwa hiyo "pasipo kuacha shaka yoyote", likichukuliwa neno kwa neno, ni kile kile ambacho majaji wamesema si kipimo.

Mtu anaweza kujibu kwamba wanasheria wanajua maana inayokusudiwa. Jibu hilo lingetosha kama wanaoamua wote wangekuwa wanasheria. Kwa miongo mingi Mahakama ya Mwanzo imekaa na washauri wasiopungua wawili, ambao kura zao zilihesabiwa pamoja na ya hakimu, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Mshauri katika wilaya ya Mpwapwa ni mkulima au mfugaji. Kipimo anakipokea kwa Kiswahili tu, naye anakipima kwa Kiswahili anachokijua. Hapo makosa mawili yanayopingana yanawezekana. Akilishika "yoyote" kwa uzito wake, atamwachia huru mwizi kwa sababu ya jambo la kufikirika, na aliyeibiwa atarudi nyumbani bila mifugo na bila imani na mahakama. Akilishika "bila shaka" kwa maana yake ya kila siku, ile ya sentensi (6), atamtia mtu hatiani kwa kuwa "bila shaka ni yeye", yaani kwa makisio. Methali zetu zinaweza kumsukuma upande huo: lisemwalo lipo, na dalili ya mvua ni mawingu. Ni hekima nzuri kwa mkulima anayeangalia anga. Kwa mshtakiwa ni hatari.

Ngeli ya nomino nayo inaongeza utata. "Shaka" hutumika katika ngeli ya LI-YA, na wengine huiingiza katika I-ZI. Ndiyo maana tunasikia "shaka lolote" na "shaka yoyote" kwa pamoja. Katika LI-YA wingi wake ni "mashaka", na "mashaka" katika Kiswahili ni taabu pia: mtu hupata mashaka njiani, huishi katika mashaka. Anayesikia kwamba kesi imethibitishwa "bila mashaka" anaweza kuelewa kwamba imethibitishwa kwa wepesi. Waandishi wanaopendelea "shaka yoyote" huenda wanaukwepa utata huu pasipo kukusudia.

5.3 Neno la shahidi

Upande wa pili wa tatizo ni shahidi. Katika kesi ya Waziri Amani, iliyoripotiwa mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wa kufananisha watu uwe umeondolewa. Ilitaja mambo ya kuchunguzwa: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, usiku au mchana, na kama palikuwa na mwanga. Kwa lugha ya makala haya, mahakama ilikataa kupokea kirai mahali pa kazi. Haikutaka kujua kama shahidi ana uhakika. Ilitaka kujua uhakika huo ulipatikanaje.

Lakini kwa muda mrefu maneno ya shahidi katika mahakama za juu ya Mahakama ya Mwanzo yalitamkwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Shahidi anayesema "Bila shaka alikuwa yeye" amesema nini? Mwandishi mmoja ataandika kwamba hakika alikuwa yeye. Mwingine ataandika kwamba yaelekea alikuwa yeye. Tafsiri zote mbili zinatetewa na matumizi tuliyoyaonyesha katika sehemu ya 4.0, na kati yake kuna kifungo. Jaji wa rufani, aliyesoma Kiingereza tu, hakuwa na njia ya kujua ni lipi lililokusudiwa, kwa kuwa neno lenyewe halikubaki katika kumbukumbu.

Hapa ndipo umuhimu wa mabadiliko ya mwaka 2021 unapoonekana. Mwezi Februari mwaka huo Rais John Magufuli, katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, iliyofanya marekebisho na kukiweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mjadala ulijikita katika haki ya mwananchi kuielewa hukumu yake, na ni haki ya msingi. Tungependa kuongeza faida isiyotajwa sana: neno la shahidi sasa linaweza kuhifadhiwa kama lilivyotoka kinywani, na mahakama ya juu inaweza kulipima lenyewe.

6.0 Hitimisho

Historia tuliyoifuatilia inaonyesha kwamba lugha haiwezi kuuhifadhi uhakika ndani ya kirai kimoja kwa muda mrefu. "Labda" iliwahi kuwa neno la lazima. "Bila shaka" inaelekea huko, na "bila shaka yoyote" nayo itachakaa ikitumiwa vya kutosha. Kuongeza maneno ya mkazo si dawa.

Tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, kamusi za Kiswahili sanifu ziingize maana ya makisio ya "bila shaka" kama maana kamili yenye mifano yake, badala ya kuifasiri kwa "kwa hakika" peke yake. Pili, katika kazi ya kutafsiri sheria, kipimo cha jinai kiandikwe "pasipo kuacha shaka lenye sababu". Istilahi hii inahifadhi kitenzi "kuacha" na faida yake, inarudisha sifa iliyofutwa na "yoyote", na haimhitaji msikilizaji awe na elimu ya sheria. Mshauri akisema ana shaka, mwenzake anaweza kumuuliza: sababu yake ni ipi? Akiwa nayo, mshtakiwa anafaidika. Akikosa, shaka hilo si la kisheria. Tatu, wanaochukua maelezo ya mashahidi waandike kirai kama kilivyosemwa, kisha waulize swali ambalo wazee wanaosuluhisha ugomvi wa mifugo wamekuwa wakiliuliza siku zote: umejuaje?

Tukirudi kwa wagombeaji wawili wa ng'ombe, mgombeaji wa (2) alilijibu swali hilo kabla ya kuulizwa. Wa kwanza naye huenda anasema kweli. Si haki kumnyima ng'ombe wake kwa sababu tu ametumia kirai kilichochakaa, na mahakama inayoyajua maneno yake itampa nafasi ya kueleza kuhusu sikio na kovu kabla ya kuamua.